Taa ya Kijani Si Ushahidi

Kuna jibu ambalo kila mwanachuo aliyewahi kulalamikia mtandao amelisikia: "Mbona taa inawaka?" Umekwama kusajili masomo na dirisha linafungwa saa sita usiku, au unataka kusaini boom na ukurasa unazunguka tu kama pia. Unampelekea fundi shida yako. Anainuka taratibu, anafungua kabati, anaitazama ile taa ndogo ya kijani kwenye swichi, anafunga kabati. Kesi imekwisha. Tatizo ni laptop yako, au ni wewe mwenyewe.

Mimi nasema hilo si jibu. Na nasema kwamba mafundi wa namna hiyo hawadondoki kutoka mbinguni. Wanatoka madarasani kama yetu, ambako tunafundishwa kuiamini ile taa, tunapimwa kwa ile taa, na tunapata A kwa ajili ya ile taa.

Hebu tuiulize inasema nini hasa. Swichi ya mtandao ikiwasha taa ya poti, inasema kitu kimoja tu: "sikio langu linasikia kitu." Haisemi kama mdomo wake unasikika upande wa pili. Kwenye waya wa shaba tofauti hiyo haitusumbui sana, kwa sababu pande mbili hujadiliana kabla ya kuanza kazi, na jozi moja ikifa kwa kawaida taa hujizimia. Kasheshe iko kwenye faiba. Njia ya faiba tunayoiita "moja", mara nyingi ni nyuzi mbili za kioo zinazolala pamoja: mmoja unapeleka mwanga, mwingine unarudisha. Mdomo na sikio vina barabara tofauti. Uzi mmoja ukikatika na wa pili ukabaki mzima, unapata kitu kinachofanana na ile simu tunayoijua wote: "Haloo? Haloo? Mbona sikusikii?" Na mwenzako anakusikia vizuri kabisa, anakujibu mpaka sauti inamkauka, wewe huambulii neno.

Kwa lugha ya WhatsApp, ile taa ni tiki moja. Kuna watu wanaendesha ofisi nzima kwa tiki moja.

Mtandao ukikatika wote, hakuna anayebishana. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipopata hitilafu huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, Tanzania nzima ilijua ndani ya saa chache, Waziri Nape Nnauye alitoa maelezo, na hata bibi asiye na simu aliambiwa na wajukuu kwamba intaneti imekufa. Kifo kamili kina msiba na kina matanga. Hapa Mbeya nako, kijiko cha barabarani kikichimba na kukata kebo yote, mafundi wanajua pa kwenda. Nusu ya kifo haina anayeitangaza. Mgonjwa amekaa kitini, macho wazi, na taa inawaka.

Niliona nusu ya kifo kwa macho yangu nikiwa field, katika ofisi moja pale Ilomba ambayo sitaitaja. Majengo mawili, yametenganishwa na uwanja wa magari. Kati yao kuna njia mbili za faiba: moja ya kazi, nyingine ya akiba, imepita juu ya dari ya stoo. Swichi zenyewe za zamani, hazina poti za faiba, kwa hiyo kila mwisho kuna konveta, kale kaboksi ka bei rahisi kanakogeuza mwanga kuwa umeme wa waya wa shaba. Shika hapo kwenye konveta, tutarudi.

Jumatatu asubuhi, baada ya wikendi ya mvua, mtandao wote uliganda. Si polepole, uliganda. Taa zote za swichi zilikuwa zinapepesa kwa pamoja kama taa za disko, na hakuna kompyuta iliyokuwa inapata kitu. Fundi akazima, akawasha. Ikapumua kidogo, ikaganda tena. Akazima, akawasha. Huku mapokezi foleni imetoka hadi nje ya mlango. Mama mmoja aliyetoka Isyesye alimwuliza dada wa mapokezi, kwa upole uliouma kuliko matusi: "Mwanangu, niende nirudi, au niende moja kwa moja?"

"Dogo," fundi akaniambia, "njia zote mbili ziko fresh. Taa si hizo unaziona?"

"Naziona, kaka."

"Basi. Hii ni kirusi."

Siku mbili zilipita hivyo. Walichomoa njia ya kazi: swichi zikatulia, lakini majengo hayakuongea. Wakairudisha: dhoruba ikarudi. Njia ya akiba hakuna aliyeigusa, kwa sababu haikuwa inabeba kitu. Nani atamshuku mtu aliyelala?

Aliyeimaliza kesi ni msimamizi wangu, aliyekuwa safarini na akarudi Jumatano. Hakuangalia taa hata moja. Alikaa na laptop, akafungua hesabu za fremu kwenye poti za njia ya akiba, pande zote mbili, akaziweka pamoja kwenye kioo. Jengo la kwanza: zinazotoka zinapanda, zinazoingia zinapanda. Jengo la pili: zinazotoka zinapanda, zinazoingia zimegota palepale. Akasubiri dakika moja, akatazama tena. Zimegota palepale. "Huyu ni kiziwi," akasema. Tukapanda darini kwenye stoo. Konveta ya jengo la pili ilikuwa imezima taa yake ya upande wa faiba, lakini ya upande wa shaba inawaka vizuri, na hiyo ndiyo iliyokuwa inaidanganya swichi. Panya alikuwa ameng'ata uzi mmoja. Wa pili hakuugusa.

Sasa kwa wenzangu wa fani nyingine mnaojiuliza njia iliyolala inawezaje kuua ofisi nzima, nivumilieni kidogo, maana hapa ndipo utamu wenyewe ulipo.

Swichi za Ethaneti zina udhaifu wa kuzaliwa. Paketi ya intaneti inabeba namba inayopungua kila inapopita ruta, ikifika sifuri inatupwa. Haiwezi kuzurura milele. Fremu ya Ethaneti haina namba hiyo. Ukiunganisha swichi kwa duara, tangazo moja linaloenda kwa wote litazunguka bila kuchoka, na kila mzunguko litanakiliwa kwenye kila poti. Hata kwenye njia ya megabiti 100 tu, fremu ndogo kabisa zinaweza kupita karibu 148,800 kwa sekunde. Hiyo ndiyo dhoruba tuliyoiona.

Dawa yake ilibuniwa mwaka 1985 na Radia Perlman, mwanamama aliyekuwa akifanya kazi Digital Equipment Corporation. Itifaki yake, STP, huzifanya swichi zipeane taarifa kila sekunde 2, zichague moja iwe shina, kisha zifunge kwa makusudi njia zote zinazoleta duara. Njia iliyofungwa haiharibiki; inakaa akiba, na swichi iliyoifunga inaendelea kusikiliza. Ikisikia taarifa za shina bado zinakuja, inabaki imefunga. Zikinyamaza sekunde 20, inaamini upande wa pili umekufa, inangoja sekunde 15 mara mbili, na baada ya jumla ya sekunde 50 inafungua.

Umeliona shimo? Ukimya una maana mbili, na STP ya zamani inajua moja tu. Swichi ya jengo la pili ilipoacha kusikia, haikufikiri "labda mimi ndiye kiziwi." Ilifikiri "mwenzangu amekufa," ikafungua mlango. Mdomo wake ulikuwa bado mzima. Fremu zikatoka jengo la kwanza kwa njia ya kazi, zikafika la pili, zikarudi kwa njia ya akiba ambayo sasa ni ya upande mmoja, zikatoka tena. Duara limekamilika, kwa hisani ya panya.

Na kinachoniuma ni kwamba tiba ya hili inajulikana siku nyingi. Cisco wana itifaki inayoitwa UDLD, na maelezo yake waliyachapisha wazi mwaka 2008, RFC 5171, yeyote anaweza kuyasoma. Wazo lake ni lile la mtu anayepiga hodi kwa adabu. Kila poti inatuma ujumbe: "Mimi ni swichi fulani, poti fulani, na huku nimewasikia fulani na fulani." Upande wa pili unafanya vivyo hivyo. Ukipokea ujumbe wa jirani na ukakuta jina lako limo kwenye orodha ya aliowasikia, mko salama. Ukikuta anaongea lakini wewe humo, basi hakusikii, na poti inafungwa hapohapo. Hakuna taa, hakuna kukisia. Ushahidi kwamba umesikika ni jina lako kurudi kutoka kinywani mwa mwenzako.

Kwa mpangilio wa kawaida ujumbe huo hutoka kila sekunde 15, na jirani asiyesikika kwa vipindi vitatu, yaani sekunde 45, huondolewa kwenye orodha. Linganisha 45 na zile 50 za STP. Walioweka namba hizo walijua wanachofanya: mlango unafungwa sekunde chache kabla ya mafuriko. Tena kwa kuwa ujumbe wenyewe ni fremu ya kawaida inayosafiri kutoka swichi hadi swichi, hata konveta haiwezi kuuficha ugonjwa. Njia za gigabiti 10 zina namna yake ya kumwambia mwenzako "sikusikii" kwa ishara za mwanga wenyewe, na ni jambo zuri, lakini ishara hizo huishia kwenye kifaa cha kwanza kinachopokea mwanga. Ukiweka kaboksi katikati, zinafia humo.

Swichi za ile ofisi zilikuwa na UDLD. Amri ya mstari mmoja kwenye kila poti. Haikuwa imewashwa. Msimamizi aliiwasha mchana huohuo, kabla hata faiba mpya haijaletwa, na poti ya njia ya akiba ikajifunga yenyewe tukiwa tunaangalia.

Nimejadiliana na wenzangu geto kuhusu hili, na hoja zao si za kitoto. Mmoja, anayepiga msuli wa mitandao kuliko sisi wote, aliniambia UDLD ikiwekwa kwenye hali yake kali inaweza kufunga poti isiyo na kosa. Ni kweli. Katika hali ya kawaida, jirani akinyamaza tu bila ushahidi mwingine, poti inabaki wazi. Katika hali kali, poti inajaribu kumwita jirani mara nane, kila sekunde moja, na asipojibu inajifunga. Swichi ya jirani ikiwa imezidiwa na kazi kiasi cha kushindwa kujibu, utafungiwa bila hatia. Mimi najibu hivi: anza na hali ya kawaida. Ile ndiyo ingetosha Ilomba, maana pale ushahidi ulikuwepo, kiziwi alikuwa anaongea. Na hata ukichagua ile kali, mlango uliofungwa kimakosa kwenye njia ya akiba unakugharimu safari ya fundi hadi kabatini. Mlango uliofunguka kimakosa uliwagharimu watu wa foleni siku mbili na nauli za bajaji kwenda na kurudi.

Mwingine alisema, "Bro, hiyo ni ya Cisco. Nenda kaangalie makabati ya mji huu." Hapo amenipata zaidi. Makabati yetu ni mchanganyiko: mradi huu ulileta Cisco, ule ukaleta Huawei, bajeti ilipoisha ikanunuliwa chochote kilichokuwa dukani. Huawei wana itifaki yao ya kazi hiyohiyo, DLDP, lakini hizo mbili haziongei. Kila mmoja anapiga hodi kwa lugha yake. Hata hivyo kuna LACP, kanuni ya IEEE ya mwaka 2000, ambayo swichi nyingi zenye mipangilio wanayo, bila kujali nembo. Kazi yake rasmi ni kufunga njia kadhaa ziwe fungu moja, lakini kila ujumbe wake unabeba habari zangu pamoja na habari zako kama nilivyozisikia. Ni hodi ileile. Unaweza kuiwasha hata kwenye fungu la njia moja tu, na ikiwekwa kwenye mwendo wa haraka, ujumbe kila sekunde moja, inamtambua kiziwi ndani ya sekunde 3. Haiongezi shilingi. STP mpya nazo zimejifunza kitu: shina likimsikia jirani anajitangaza mkubwa kwenye njia ambayo shina lenyewe ndilo mkubwa, linajua hasikiwi, na linafunga poti yake. Kwa hiyo kisingizio cha fedha hakipo. Kilichopo ni mazoea.

Na mazoea hayo tunayapikia wenyewe hapa chuoni. Niambie ni lini umefanya praktiko ya mitandao ambayo kebo ilikuwa imekufa nusu. Mimi niko mwaka wa mwisho na sijaiona. Kwenye programu ya kuigiza mitandao tunachora mstari kati ya swichi mbili, vidoto vinageuka kijani, tunapiga ping, inajibu, ticha anaweka tiki, tunaenda kula. Kila njia tuliyowahi kuigusa ilikuwa nzima au haikuwepo kabisa. Kisha tunapewa shahada, tunapelekwa kwenye makabati yenye vumbi la barabara kuu na panya wa darini, na mtu anakuja analia kwamba mtandao haufanyi kazi. Tutasema nini? Tutasema tulichofundishwa. "Mbona taa inawaka?"

Ping yenyewe, tusidanganyane. Ikijibu, kweli njia zote mbili ni nzima, kwenda na kurudi. Ila isipojibu haikuambii ni ipi iliyokufa. Ujumbe haukufika, au ulifika na jibu likapotea? Mwanafunzi anayejua tu kwamba ping imegoma hajui aanzie jengo gani, na atafanya kile alichofanya fundi wa Ilomba: kuzima na kuwasha.

Kuna watakaosema hili ni jambo dogo, swichi na nyuzi, waachiwe watu wa IT. Kwa mwanachuo aliyeshindwa kusajili masomo kabla ya dirisha kufungwa, si dogo. Yeye alisema mapema kwamba haingii, akaambiwa mtandao upo. Neno lake lilikuwa hesabu ya upande wa pili, ile iliyogota palepale, na hakuna aliyekwenda kuilinganisha na ya upande huu. Ningependa serikali yetu ya wanafunzi, mara nyingine ikikaa na uongozi kuhusu mtandao, isiulize "mtandao upo au haupo." Iulize njia ngapi kati ya majengo zimewashiwa UDLD, au DLDP, au LACP, na ni nani aliyezikagua mara ya mwisho kutoka pande zote mbili. Ni swali la namba, linajibika kwa jioni moja. Likijibiwa kwa "taa zinawaka", tutakuwa tumejua tunashughulika na nani.

Kwa upande wa maabara, ombi langu ni dogo kuliko hilo. Viunganishi vingi vya faiba vinakuja viwili viwili vimebanwa na klipu ya plastiki. Fungua klipu, chomoa kimoja tu, rudisha kabati kama lilivyokuwa, kisha waruhusu wanafunzi waingie. Wape swichi mbili, njia mbili, konveta mbili za bei rahisi katikati, na dakika 40. Waambie mtandao umekufa na watu wako kwenye foleni. Atakayekuja mbele kusema taa zote ziko sawa apewe sifuri, arudi akasome hesabu za fremu. Vifaa hivyo vyote vipo tayari kwenye stoo ya maabara. Konveta ziko rafu ya chini, nyuma ya yale mamonita ya zamani.